Baba anasema nimemfunza mbwa kumbishia

Assalaam aleikum, Shangazi.

Mimi ni mwanamme wa miaka 34, nina mke na watoto wawili wadogo. Kwetu ni Pemba, upande wa Konde, lakini ujana wangu mwingi umeishia Unguja kwenye ulinzi wa hoteli kule Nungwi. Nilirudi nyumbani baada ya mama kufariki, kwa sababu baba alibaki peke yake na magoti yake yamemkataa. Siku hizi hendi popote bila bakora.

Baba ana shamba la muhogo na ndizi, na mikarafuu kidogo, si mbali na msitu wa Ngezi. Anayepajua kule hahitaji kuelezwa habari za tumbili. Ukichelewa asubuhi unakuta muhogo umeshang'olewa, nusu umeliwa na nusu umetupwa. Kwa hiyo baba siku zote amefuga mbwa wa shamba. Sasa wapo wawili: Simba, aliyekwisha zeeka, na Bosi, ambaye nilipofika nilimkuta bado mtoto.

Hoteli niliyokuwa nikilinda ilikuwa na mbwa, na alikuja mama mmoja mgeni kutufundisha sisi walinzi namna ya kuwafunza kwa klika. Kwa asiyeijua, ni kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani, ndani kina kibati. Ukikibonyeza kinalia “tak”. Mbwa akifanya unalolitaka unabonyeza papo hapo, kisha unampa kitu kidogo cha kula. Akikosea hapati kitu, basi. Hupigi wala hupayuki.

Bosi nimemfunza hivyo hivyo, kwa dagaa wakavu. Nikimwita anakuja hata kama ameshaona kuku. Shambani analala juu ya gunia lake na hatoki mpaka nimruhusu. Akisikia tumbili anawafukuza mpaka mwisho wa shamba, kisha anarudi. Simba akiingia msituni huwa tunamwona kesho yake.

Tatizo ni baba. Yeye mbwa wake wote amewafunza kwa fimbo ya mpera, na kauli yake ni moja: “Mbwa hafunzwi kwa kubembelezwa.” Mwanzo alikuwa akinicheka tu, ananiita mpiga taktak. Jioni moja barazani, wazee wenzake wakiwepo, nilimwonesha kwenye simu video ya mbwa wa Nungwi, nikamweleza kwamba kitaalamu kumpiga mbwa ni kumharibu. Alitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu, akasema “Vyema,” akaendelea na kahawa yake. Nikajua amekubali.

Halafu likatokea la kutokea. Baba alikwisha koga na kuvaa kanzu, anatoka kwenda kuswali magharibi. Mimi na Bosi ndiyo kwanza tunarudi shamba, na mvua ilikuwa imenyesha. Bosi alipomwona alimkimbilia kwa furaha, akamrukia, matope yakajaa kanzuni. Baba akainua bakora akampiga ya ubavu. Bosi akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akamnguruma na meno akayatoa. Hakumng'ata. Baba alisimama kimya, kisha akanambia, tena si kwa ukali: “Umemfunza mbwa kunibishia. Si ajabu, kakuona wewe.” Akarudi ndani kubadilisha nguo, na sala ya jamaa ikampita.

Tangu siku hiyo salamu ananijibu, lakini habari za shamba hazungumzi na mimi. Akiwa na neno humtuma mke wangu. Na Bosi naye sasa akimwona baba anatokea tu, hunguruma. Jirani mmoja kasema yuko tayari kumnunua. Ndugu yangu wa Chake ananambia nimtoe mbwa, nimwombe baba radhi, yaishe. Mke wangu amechoka: kila siku hofu ya najisi, watoto wanataka kumchezea, na sasa mbwa ana meno.

Mimi naona nikimtoa Bosi nitakuwa nimekubali kwamba fimbo ndiyo njia, na mnyama ataponzwa na kosa lisilokuwa lake. Nikimweka, namuudhi mzazi. Nimefikiria hata kurudi Unguja na mke wangu, watoto, na mbwa wangu. Nishauri, Shangazi.

Nimebanwa, Pemba

SHANGAZI ANAJIBU

Waalaikumu salaam, mwanangu. Pole kwa msiba wa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu. Na hongera kwa kurudi kumtazama baba; wengi hutuma pesa tu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu umeniuliza swali moja na mimi naona mambo mawili yamefungwa fundo. Kuna mbwa aliyenguruma na kuna baba aliyenyamaza. Wewe unaona dawa ya mmoja ni sumu ya mwengine. Sina hakika. Hebu tuyafungue moja moja, tuanze na la mbwa, ndilo jepesi.

Umeandika kwamba baba siku hizi hendi popote bila bakora. Kisha, mistari mingi baadaye, umeandika kwamba alimpiga Bosi kwa bakora. Fimbo ya mpera huachwa shamba. Bakora inaingia ndani, inakwenda msikitini, inakaa barazani. Kwa Bosi, kitu kilichomuumiza ubavu hakiondoki mkononi mwa mzee. Mbwa hawezi kujua kwamba sasa bakora ni ya goti na wakati ule ilikuwa ya kupigia. Mrusi Ivan Pavlov alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula, lakini dunia inamkumbuka zaidi kwa mbwa waliodondokwa na mate kabla hata chakula hakijafika, kwa kuwa walishazoea kinachokitangulia. Hofu nayo huingia kwa mlango huo huo. Kwa hiyo unaposema Bosi anamnguruma baba “anatokea tu”, ningependa kujua: je, umewahi kumwona baba amekaa, bakora ameilaza chini au ipo mlangoni, na mbwa akapita karibu yake? Alinguruma? Mimi sijui jibu. Litazame hilo kwanza, maana ikiwa anainguruma bakora, hapo pana kazi inayofanyika. Ikiwa anamnguruma mzee mwenyewe, hata akiwa mikono mitupu, kazi ni kubwa zaidi.

La pili. Kunguruma si ubishi. Ndiyo lugha aliyopewa mbwa ya kusema “naogopa, usinisogelee”. Mbwa aliyepigwa mpaka akaacha kunguruma hajaacha kuogopa. Ameacha kutoa taarifa tu, na huyo ndiye anayeng'ata watu wakishangaa. Kwa hapo uko sawa, na ningeweza kukuandikia ukurasa mzima wa kukuunga mkono. Lakini nakuuliza: umemfunza Bosi kuja, kulala guniani, kufukuza tumbili na kurudi. Nani alimfunza namna ya kumpokea mzee aliyevaa kanzu? Kwa barua yako, hakuna. Kurukia watu kwa furaha kulikuwa kunamlipa, pengine wewe mwenyewe ulikuwa ukifurahi akikurukia ukitoka kwenye pilika zako. Basi siku ile mbwa hakuvunja amri ya mtu. Alifanya alichokizoea, akapigwa na mtu ambaye naye alifanya alichokizoea. Kwa njia uliyojifunza Nungwi, mbwa hujifunza kumtii yule anayeitumia, na mahali pale inapotumika. Bosi ni hodari shambani, na wewe. Nyumbani, na baba, ni mbwa asiyefunzwa bado.

Sasa la baba.

Unasema alipokwambia “Vyema” ulijua amekubali. Mwanangu, wewe ni Mpemba. Mzee anayeoneshwa video na mwanawe mbele ya wazee wenzake, akaambiwa kwamba alilolifanya umri mzima ni uharibifu, akajibu “Vyema” na kurudi kwenye kikombe chake, amekubali nini hapo? Amekusitiri. Angekujibu palepale, maneno yangekuwa mengi na barazani pasingekalika. Ujumbe wako ulikuwa wa kweli, lakini ulimfikia mbele ya watu.

Na tazama wakati wenyewe uliomkuta. Mkewe amefariki. Magoti yamemkataa. Mwanawe amerudi na shamba sasa linaendeshwa kwa namna mpya, na hata mbwa haitiki sauti yake. Anaposema “kakuona wewe”, sidhani kwamba anazungumza habari za mbwa. Pengine anauliza kama bado yeye ni mwenyewe wa pale. Naweza kuwa nimekosea. Wewe ndiye unayemwona usoni.

Najua pia kuna wasomaji wanaongoja niseme: basi na baba mfunze vivyo hivyo, kila akifanya jema mpongeze. Sisemi. Mzazi hafunzwi kwa dagaa, na heshima yake haingoji atende unalolitaka wewe.

Nakuja kwenye njia ulizozitaja, na moja usiyoitaja.

Kumtoa mbwa, uombe radhi. Inaleta utulivu haraka, na kuomba radhi kwa yale ya barazani kungefaa hata kama Bosi hayupo duniani. Ila zipime hatari zake. Jirani anamnunua mbwa anayemwogopa mzee mwenye bakora. Je, kwake hakuna mzee? Ukimuuza lazima umwambie kilichotokea, hiyo ni amana. Na tumbili watabaki na Simba, ambaye kwa maelezo yako sasa analindwa yeye. Na wewe nakuogopea: unaweza kumtoa mbwa na kinyongo kikabaki.

Kuendelea kimyakimya, wewe na klika yako, baba na fimbo yake. Hii ndiyo njia mliyokuwa nayo mpaka sasa, na imewafikisha hapa. Mbwa mwenye sheria mbili huishi akichungulia mkono wa kila mtu.

Kurudi Unguja. Sikukatazi, una familia na una kazi unayoiweza. Lakini uliondoka kule kwa sababu ya magoti ya baba, na magoti hayajapona. Kama unarudi, liwe ni jambo la maisha yenu mnalolizungumza kwa utulivu, lisiwe la kumkomoa mtu.

Ile usiyoitaja ni kumwingiza baba ndani ya kazi, naye akiwa mkubwa wake. Usimwendee na video. Mwendee na tatizo lake yeye: kanzu. Mwambie, mkiwa wawili tu, “Baba, mbwa huyu hajui adabu za nyumbani, na mimi peke yangu siwezi kumfunza kwa sababu anayerukiwa ni wewe.” Hapo humdanganyi, ndivyo ilivyo.

Akikubali, anza mbali. Bosi awe guniani kwake, amefungwa kamba ndefu kwa usalama, baba awe kitini upande wa pili wa uwanja. Bakora ilazwe chini. Bosi akiitazama naye katulia, bonyeza, mtupie dagaa. Kisha baba aiguse tu, bonyeza, dagaa. Kisha ainyanyue kidogo. Akinguruma au akikataa kula, mmekwenda mbio, rudini nyuma, na asigombezwe. Dakika chache zinatosha, kisha mwache. Siku moja, inshaallah, dagaa atatupwa na baba mwenyewe, chini, karibu na miguu ya mbwa. Hilo la chini lina faida mbili: mbwa anayetazama chini kutafuta dagaa harukii mtu, na mkono wa mzee haulambwi.

Ninachokuomba umtahadharishe mapema ni hiki: mbwa aliyezoea kuruka, siku za mwanzo ukiacha kumjali huruka zaidi kabla hajaacha. Baba akiliona hilo bila kuambiwa atasema “Si nilikwambia?”, na kazi itafia hapo.

Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kukataa. Anaweza kusema yeye hachezi na mbwa uzeeni. Basi usimsukume. Mwombe jambo dogo zaidi: asimpige kwa bakora ile anayotembelea, na wewe uchukue jukumu la kumzuia Bosi asifike mlangoni wakati wa sala. Kamba fupi na gunia upande wa nyuma ya nyumba si ushindi wa mtu, ila kanzu itabaki safi.

Kama atakwambia haya ni mambo ya kizungu, hapo unayo hadithi ya kumpa mkinywa kahawa, kwa utamu wake tu. Ni kweli chanzo chake ni Marekani: Keller Breland na mkewe Marian, waliosoma kwa mwanasaikolojia B. F. Skinner, walikuwa wakifunza wanyama kwa mlio huo tangu miaka ya 1940, na baadaye Karen Pryor akawafunza pomboo kwa filimbi huko Hawaii, maana huwezi kumpa pomboo samaki akiwa hewani, lakini mlio unamfikia. Ila leo wanaotumia klika kwa sifa kubwa wapo Morogoro. Shirika la APOPO, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, linawafunza panya buku kwa mlio huo huo na ndizi, wanusie mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya kazi Cambodia, akagundua mabomu na viripuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu Uingereza. Panya! Mzee yeyote angependa kuisikia hiyo.

Mke wako naye usimwache kando. Barua yako imempa sentensi moja, na ndiye anayebeba ujumbe baina yenu na ndiye anayefua. Wanazuoni wetu wa Kishafii wanajua vyema kwamba mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa kwa hadithi sahihi, na Suratul Maida aya ya 4 imewataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa. Lakini ruhusa ya kufuga haiondoshi najisi ya mate yake: chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo wekeni mipaka inayomtuliza moyo. Dagaa wa mbwa wawe na kopo lao, wasichukuliwe jikoni kwake. Wewe uwe na nguo za shamba zisizoingia ndani. Na klika, nikiitazama kwa jicho la nyumba za kwetu, inafaa kuliko njia nyingi, kwa sababu humgusi mbwa: mlio unakwenda kwa masikio, chakula kinakwenda kwa kutupwa.

Watoto wasiachwe na Bosi peke yao kabisa mpaka hili la kunguruma lijulikane mwisho wake. Wafundishe kwamba akinguruma wanasimama, hawakimbii, na wanamwita mkubwa. Kama Bosi na Simba hawajachanjwa kichaa cha mbwa mwaka huu, nenda kwa watu wa mifugo kabla ya kununua dagaa wengine. Na ikitokea meno yamegusa ngozi ya mtu, hata mkwaruzo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Mwambie pia mtu wa mifugo amshike huyo mbwa ubavuni pale alipopigwa, kwani mbwa mwenye maumivu hunguruma kwa sababu hiyo tu, na hapo mafunzo hayatasaidia kitu.

Ndugu yako wa Chake anakutakia heri, ila hayupo hapo. Jirani mwambie angoje. Usimpe jibu la kuuza wala la kutouza mpaka umekaa na baba, bila simu mkononi, na umemuuliza yeye angetaka mbwa huyu awe vipi.